Wimbo wa Panya wa Baba

Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba yangu, Pasikali, alitunza panya kwenye maabara moja Dar es Salaam, kabla ya kurudi Kitanga kulima maharage. Daktari wa pale alichunguza mafundo ya neva ya shingoni mwa panya. Kwenye hadubini seli kubwa zilionekana kijani hafifu. Zile ndogo, zilizojikusanya vikundi vikundi, ziliwaka njano kwa kemikali ambazo seli hutumia kupelekeana habari.

Lakini panya akiuawa akiwa na hofu, kemikali humwagika, na seli haziwaki. Panya wa Baba waliwaka kuliko wote. Kabla ya kuwaua aliwapakata, akawaimbia wimbo wa Kiha wa kubembelezea watoto. Uleule aliotuimbia sisi! Nilipojua, nilimnunia wiki nzima.

Mwaka 1979 alilazwa hospitali ya Kabanga, mikono ikimtetemeka. Nikampakata kichwa, nikajikuta nauimba wimbo uleule.

Akafumbua jicho moja. "Kumbe zamu yangu imefika, mwanangu."

Nikaukatiza wimbo, aibu imenijaa.

Akanishika mkono. "Imba," akasema. "Panya wangu hawakuwahi kulalamika."