Mwizi Aliyepalilia

Mwanvita hakuwa mwizi. Naanza na hilo, maana nilichelewa kulisema.

Alizaliwa hukuhuku mlimani, juu ya Kilakala. Mume alimfia mapema. Akamlea Asia, mtoto wake mmoja, kwa kusuka mikeka na kulima vibarua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unavimba tangu ujana. Alikuwa na maneno makali, na akicheka unamsikia ng'ambo ya kijito. Yeye Mwislamu, mke wangu Rosa Mkatoliki, lakini ukoo wao wa mama ni mmoja, na ukoo hauulizi dini. Mimi akiniita shemeji.

Bustani yetu ya mboga ni ngazi tano zilizochongwa ubavuni mwa mlima. Tulizichonga mimi na Rosa, kwa jembe. Kila Jumatano nilishuka sokoni mjini na matenga, Rosa akabaki. Alichofanya Jumatano sikukiuliza.

Rosa aliugua miezi saba. Akafa mwezi wa nne, mvua zimeshika.

Baada ya arobaini nilirudi bustanini. Jumatano ya kwanza nikashuka sokoni. Niliporudi, figiri ya ngazi ya juu imechumwa. Jumatano ya pili, vilevile. Siku nyingine haiguswi. Nikasema, mwizi huyu anajua safari zangu.

Na kitu kimoja kiliniudhi zaidi. Magugu yaling'olewa, yakapangwa pembeni. Majani machanga yaliachwa yakue. Niliona mwizi ananicheka. Sikujiuliza ni mwizi gani anayepalilia pale anapoiba. Nilikuwa na Rosa tu kichwani.

Nikamwambia Salum, jirani yangu, ambaye ngazi zake ziko chini ya zangu.

"Weka kago, Mzee Petro," akasema. "Mwizi akigusa tu, anavimba."

"Mimi mtu wa kanisa, Salum."

"Kwani nimesema uende kwa mganga? Funga kitambaa chekundu na kibuyu. Dawa si lazima. Woga unatosha."

Nyumbani sikuwa na kitambaa chekundu. Nikafungua sanduku la Rosa. Mlikuwa na kanga nyekundu, kipande kimoja, imepauka. Nikachana upindo wake. Nikaufunga kwenye mti mkavu, pale ngazi ya juu, na kibuyu chenye majivu chini yake. Sikuona vibaya. Niliona nimefanya kazi.

Jumatano iliyofuata Salum alinisubiri njiani. Anacheka mpaka anashika magoti.

"Umemnasa! Mwanvita! Kaja na kikapu, kakiona kitambaa, kasimama hapo kama nguzo. Halafu kageuka, hakugusa hata jani."

Mpaka jioni kijiji kizima kilijua. Asubuhi yake bombani wanawake walimwona anachechemea, kama alivyochechemea miaka yote.

"Mwanvita, mguu huo wa jana au wa zamani?"

"Iulizeni figiri!" mwingine akadakia.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Ningeweza kusema mguu ule naujua tangu Rosa msichana. Sikusema. Hata nilicheka kidogo. Yeye alijitwisha ndoo yake, akaondoka bila kujibu. Mwanvita, bila kujibu.

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Siku ya tatu nikaenda kwake. Alikuwa barazani anasuka.

"Karibu, shemeji," akasema, bila kuniangalia. "Umekuja kuona kama nimevimba vya kutosha?"

"Nimekuja kuuliza. Ulikuwa unachuma?"

"Nilikuwa nachuma. Ngazi ya juu Rosa alinipa mwaka wa juzi. Mimi napalilia, nachuma Jumatano, tunaongea mpaka saa ya kupika. Alipougua, Jumatano hizo nani alimwosha? Wewe ulikuwa sokoni. Ulikuta kaoga, kabadilishwa shuka. Ulidhani alijiosha?"

Nilidhani alijiosha. Sikumwambia hivyo, lakini alijua.

"Ungeniambia, shemeji."

"Nilidhani mkeo alikwambia. Mtu aseme tena na tena kilicho chake?" Akaingia ndani, akatoka na kanga nyekundu, imepauka. Akaitandaza mapajani. "Doti moja, tuligawana mimi na yeye, siku Asia alipoolewa. Kipande chake umekichana unifungie dawa."

Nikaomba radhi. Nikasema nitakifungua leo hii.

"Usifungue peke yako. Sema mbele ya watu, kama nilivyochekwa mbele ya watu. Sitaki kingine."

Nikaitikia. Lakini njiani aibu ikanishika. Nikasema Jumapili, watu wakitoka kanisani. Jumapili mvua ilinyesha, nikajisingizia mvua. Nikakifungua kitambaa peke yangu, nikakitia mfukoni. Wiki mbili zikapita hivyo. Asubuhi moja mlango wake ulikuwa na kufuli. Asia alikuwa amekuja kumchukua, amempeleka kwake Mwembesongo.

Ndipo niliposema. Bombani, nimesimama, ndoo zimepangwa foleni. Nilisema ngazi ile ni ya Mwanvita, na kago lilikuwa majivu ya jikoni kwangu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasema, "Sasa unatuambia sisi, babu?"

Jumatano nilipeleka fungu la figiri Mwembesongo. Asia alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yupo?"

Alikuwepo. Nilimsikia akikohoa nyuma ya pazia. Asia akaingia, wakanong'ona, akatoka.

"Mama anauliza, umesema?"

"Nimesema. Bombani."

Akaingia tena. Akatoka.

"Anauliza, Salum alikuwepo?"

Salum hakuwepo. Nikasema ukweli.

Asia akayatazama yale majani, halafu akanitazama mimi, kwa huruma. "Anasema asante, ila mboga anazo."

Nikapanda mlima na fungu langu. Salum nilimkuta kwake, anakunywa uji na wageni wawili. Nikamwambia mbele yao, yote, pamoja na kanga. Akaweka uji chini. Kisha akasema, "Nenda kamwambie basi."

Nilikwenda. Pazia halikufunguliwa.

Ngazi ya juu siichumi. Naipalilia tu, Jumatano. Figiri imetoa maua, sasa inakomaza mbegu. Upindo wa kanga ya Rosa nimeushonea mahali pake. Mkono wangu si wa mshonaji, mshono unaonekana.