Nilisoma redioni kwamba maji ya chuo hayana shida, na mama akaniamini

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa nacheka na comments zenu halafu napita. Leo naomba nitoe la moyoni. Yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, maana bado nahitaji kuhitimu.

Nasoma mwaka wa tatu, uandishi wa habari na mahusiano ya umma, yaani PR, kwenye chuo kikuu kimoja cha Kikristo huku Kasese. Kwa msiojua, hii ni digrii moja yenye vichwa viwili. Asubuhi mnafundishwa kuuliza maswali. Mchana, darasa lile lile na viti vile vile, mnafundishwa namna ya kutoyajibu.

Vipindi vyote viwili tunafungua kwa sala.

Muhula uliopita maji ya hosteli yalibadilika rangi, na watu wakaanza kuumwa matumbo. Hosteli ya wasichana ndiyo ilizidi. Tukamuuliza fundi wa chuo tangi lilisafishwa lini. Akafikiri sana, halafu akasema yeye ameajiriwa hapa miaka minne tu.

Wiki hiyo mwalimu wa habari, mzee aliyefanya redio maisha yake yote, akatupa coursework: andikeni habari ya maji ya chuo.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa PR, ambaye ni Mchungaji, mtu mpole kabisa, naye akatupa yake: andikeni taarifa ya chuo ya kuwatuliza wazazi kuhusu maji.

Kwa hiyo asubuhi nakishtaki chuo, mchana nakitetea. Nilijihoji mwenyewe, nikajijibu mwenyewe, na nakiri majibu yalikuwa matamu kuliko maswali.

Kwenye habari nilipata alama za kusukumia siku. Mzee aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hasira nyingi. Mgonjwa aliyepimwa yuko wapi?" Alikuwa na haki. Zahanati ya chuo ilikuwa inatoa vidonge vya maumivu na maombi, vipimo hakuna.

Kwenye PR ndiko niling'ara. Niliandika hivi: "Hadi sasa hakuna mwanafunzi aliyethibitishwa kuugua kutokana na maji ya chuo. Uongozi umeridhika na usalama wa maji hayo, na wazazi wasiwe na hofu."

Nilimuuliza Mchungaji kama hapo hatudanganyi. Akanishika bega.

"Bwambale, kuna aliyethibitishwa?"

"Hapana, Mchungaji."

"Uongozi haujaridhika?"

"Umeridhika."

"Basi umesema kweli tupu. Mungu akubariki."

Sasa elewa jambo moja. Chuo chetu hakina afisa wa PR. Kina sisi. Taarifa ikiwa nzuri inatoka darasani moja kwa moja inakwenda hewani, na wanaita practical. Yangu ikachaguliwa isomwe kwa Kiswahili kwenye redio moja kule Bwera, kipindi cha matangazo ya mchana, ambacho soko lote la mpakani la Mpondwe husikiliza. Na kwa kuwa mama yangu ni mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili nimekikuta nyumbani, wakasema nikaisome mwenyewe.

Wakuu, nilivaa tai. Kwenda redioni.

Mama anauza vitenge hapo Mpondwe. Sijamaliza hata kutoka studio, simu ikalia.

"Nilisikia sauti yako! Soko yote ilinyamaza. Bamama ba Beni banasema huyu mutoto iko nasoma kweli!"

Nilitembea Bwera siku hiyo kama mtu aliyeteuliwa waziri.

Nilichosahau ni kwamba mdogo wangu wa kike, Kabugho, alikuwa ameanza mwaka wa kwanza chuo hicho hicho. Yeye maji yake alikuwa anachemsha kwa koili ya umeme aliyoificha chini ya godoro, maana koili ni marufuku hosteli. Mama alipomaliza kunipongeza akampigia yeye. Akamwambia kaka yako amesema kwa redio mayi iko muzuri, acha kucheza na umeme, utachoma chuo ya batu.

Kabugho ni mtiifu kuliko mimi. Alikwenda mwenyewe kumkabidhi matroni ile koili.

Sikujua. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya chupa na kupokea pongezi.

Haikupita mwezi, wenzake wa chumba wakanipigia simu. Nilimkuta hospitali anaungua homa, ananiangalia lakini hanijui. Wakapima. Taifodi, na imeshamla siku nyingi. Daktari alisema tumemchelewesha, tusubiri tuone dawa itafanya nini.

Niliogopa, wakuu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia bila kujali nani anapita. Mgonjwa aliyethibitishwa alikuwa amepatikana, na ni wa tumbo moja nami.

Nikiwa hapo hapo kwenye benchi, mwenzangu wa darasa akanitumia picha ya coursework yangu iliyosahihishwa. A. Chini yake Mchungaji ameandika: "Ujumbe umewafikia walengwa."

Mama alifika kutoka Mpondwe na chupa ya uji. Hakupiga kelele. Alimpapasa Kabugho miguu, kisha akanigeukia.

"Alikunywa juu ya maneno yako."

"Ndiyo, mama."

"Na weye? Ile mayi ulikuwa naikunywa?"

Nina miaka mitatu ya kufundishwa kukwepa maswali. Nilitafuta sentensi moja tu ya kunitoa pale, sikuipata.

"Hapana, mama."

Akanipa mgongo, akaanza kumnywesha mwanawe uji kwa kijiko. Heri angenitukana.

Kesho yake nikapanda boda mpaka Bwera. Mtangazaji akanipa dakika moja akidhani nimetumwa na chuo. Nikasema mimi ndiye niliyewasomea kwamba wazazi wasiwe na hofu. Nikasema sasa mgonjwa yupo, amepimwa, ni mdogo wangu. Nikasema siku nasoma lile tangazo mimi mwenyewe nilikuwa sinywi maji hayo. Mwenye mtoto pale amwambie achemshe.

Safari hii mama hakunipigia simu.

Chuo ndicho kilinipigia. Niliitwa kwenye kamati ya nidhamu, tukafungua kwa sala. Mchungaji aliniuliza kwa huzuni ya kweli kwa nini sikufuata utaratibu. Kesi yangu imeahirishwa hadi muhula ujao, na digrii yangu inaning'inia hapo hapo. Tangi nalo lilisafishwa wiki hiyo hiyo, kimya kimya, bila tangazo lolote.

Kabugho alipona, ashukuriwe Mungu. Amekonda, nywele zilimtoka, lakini amerudi darasani.

Somo nililopata ni dogo. Nilipoandika "wazazi" kwenye ile taarifa, nilikuwa nawaza watu wa mbali, wa kwenye karatasi. Kumbe nina mama, na ana redio.

Siku hizi akisikia tangazo lolote la chuo au hospitali, ananipigia kwanza. Hasalimii. Anauliza tu, "Ule mwenye anasoma, yeye anaikunywa?"

Wakuu, uwanja ni wenu. Wa mawe arushe, nastahili. Ila nanyi mliowahi kusoma tangazo msiloliamini, naomba mjitokeze, nisikae hapa peke yangu.