Kibuyu cha Mate

Wiki tuliyoruhusiwa tena kuketi migahawani, mijakaranda ilikuwa imemwaga maua yake ya zambarau, na mimi na mke wangu tulitembea polepole juu ya zambarau hiyo kutoka kituo cha treni cha Bankstown, huku ugenini tunakoishi, kama watu wasio na hakika kama wameamka. Mke wangu alikuwa amepona korona, lakini ugonjwa uliondoka na ladha yake. Ugali, karatasi. Kuku, karatasi. Wiki ya saba sasa, na pete ya ndoa ilikuwa inamtoka kidoleni. Kila alfajiri nilimwomba Mungu jambo hilo moja, ale.

Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo, Mwitaliano aliyezaliwa Ajentina. Tulimwonyesha vyeti vya chanjo kwenye simu, tukakaa dirishani, ambako mvuke wa jikoni ulikuwa umefifisha kioo na barabara yote ikaonekana mbali. Niliagiza vitu vya nyama vinavyofanana na sambusa zilizonenepa, nikashukuru kwa chakula. Mke wangu aliuma mara moja kwa heshima, kisha akageukia ubao wa vinywaji.

"Mzee, hebu ona. Hawa wanauza mate."

Nikavaa miwani. Kweli, MATE, kwa chaki.

"Tumefungiwa ndani miezi yote hii kwa sababu ya mate ya watu, leo wanatuuzia!" nikasema.

Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu augue. Mwenye mgahawa akaja kuuliza kulikoni, na nilipomweleza maana ya neno hilo kwetu, akajishika mbavu. Kisha akaleta hiyo mate yao, aina ya chai: kibuyu kidogo chenye majani, maji moto na mrija wa chuma.

"Kwetu kimoja huzunguka meza nzima, mrija huo huo," alisema. "Kwa hiyo hamjakosea sana. Siku hizi kila mtu na chake. Jaribu."

Mke wangu akavuta. Uso ukajikunja.

"Chungu."

"Unasema?"

"Chungu, Mzee! Kama mwarobaini!"

Akavuta tena, amefumba macho, kama anayesikiliza redio ya mbali. Sikuthubutu kumkatiza, hata kwa kusema asante Mungu, niliisema moyoni.

Nyama bado hakuisikia, alisema, wala chumvi. Lakini alikula sambusa yangu yote, akishushia uchungu ule, akamwomba yule mama amwongezee maji moto.