Ushuru wa Meza Tupu

"Hata mzimu ukipanga nyanya kwenye soko langu, utalipa ushuru."

Shangazi aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku halmashauri ilipompa kikombe cha mkusanyaji bora. Watu wakacheka, naye akakiinua juu kama vile amekishinda kwa mbio. Wachuuzi walimwita Kupe, na alikuwa akiitika.

Mwaka uliofuata biashara zikadorora. Serikali, iliyokuwa imekopa kama bwana harusi asiye na kazi, ikabanwa na wanaoidai, nayo ikatafuta wa kumbana. Mfagiaji wa soko akaachishwa kazi, taa zikakatwa, choo kikafungwa kufuli. Halafu ushuru wa meza ukapanda kutoka mia tano hadi elfu moja kwa siku. Yaani unalipa mara mbili ili ukajisaidie nyumbani kwako.

Wa kwanza kushindwa alikuwa Mama Nyanya, shoga yake shangazi wa miaka mingi.

"Mwenzangu, nikikupa hiyo elfu, kesho nauza nini?"

"Agizo limetoka juu."

"Huko juu hawali nyanya?"

Shangazi alicheka, lakini mizani aliichukua. Ndiyo kanuni kwa asiyelipa. Mama Nyanya hakupayuka. Aliifuta meza yake kwa kitambaa, taratibu, mpaka pembeni, akaondoka. Hakuonekana tena, wala simu yake haikupatikana. Mwezi haukuisha, safu yake yote ikawa meza tupu.

Shangazi akaenda kumweleza msimamizi wake.

"Kompyuta inahesabu meza, mama, haihesabu watu," akajibiwa. "Lengo lisipofikiwa, kazi basi."

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na kiinua mgongo chake. Basi akaanza kuzilipia meza tupu kwa mshahara wake mwenyewe. Pesa zilitoka serikalini mwisho wa mwezi, zikashinda kwetu, zikarudi kulala kwao. Friji ikauzwa. Ukutani pakabaki alama nyeupe ya umbo lake, na shangazi aliendelea kuikwepa akipita.

Majirani walipoanza kusema anaongea peke yake, nikamsindikiza sokoni. Mchana kweupe, nilimwona akisimama mbele ya kila meza tupu. Mashine ya risiti inalia trrr, anachana karatasi, anaiweka mezani, anasema, "Asante, mwaya." Kwenye meza ya Mama Nyanya alisubiri kidogo, kama mtu anayetafutiwa chenji.

Meza nyingine zote zilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Ile ilikuwa safi. Nikaipapasa, ilikuwa na unyevu.

"Nani anaifuta?"

"Mwenyewe."

"Labda ni paka, shangazi."

"Paka gani anakamua kitambaa?"

Nikatazama chini. Sakafuni palikuwa na matone, yamejipanga upande ule ambao Mama Nyanya alizoea kusimama. Nikamshika shangazi mkono, tukaondoka.

Njiani nikamsihi. "Achana na kazi hii. Watakula mpaka godoro."

"Nikiacha sasa," alisema, "nitakuwa nimemla shoga yangu bure."

Ijumaa msimamizi alikuja sokoni mwenyewe, na tabasamu lake, na karatasi mkononi. Alisema masoko yote yameanguka, ila la shangazi halijapungua hata senti. Wakubwa wamefurahi. Wameona kwamba wafanyabiashara wa hapa, pamoja na hali ngumu, bado wana uwezo wa kulipa.

"Wafanyabiashara gani?" shangazi akauliza.

Msimamizi akacheka, akidhani anataniwa. Nyuma yake safu nzima ilikuwa kimya, risiti zikipeperuka moja moja. Shangazi alikuwa haangalii safu nzima. Alikuwa anaitazama meza moja tu, akitikisa kichwa kama anayemwomba mtu asiitikie.

Msimamizi akaibandika karatasi yake kwenye nguzo. Kuanzia Jumatatu, ushuru wa meza moja ni elfu mbili kwa siku.