Kirusi Kilichoanza kwa Bismillahi

Mafundi kompyuta wa mjini Unguja mwaka 2002 walikuwa na tabia ya kumgombeza mteja kabla hawajaigusa mashine yake. Nani kakwambia uizime hivi, nani kaichezea, kwa nini huifuniki na vumbi lote hili. Saud wa Malindi hakuwa na tabia hiyo, kwa sababu ili umgombeze mtu lazima kwanza umtazame usoni, na hilo Saud lilikuwa likimshinda tangu utotoni. Mteja akiingia, yeye huitazama kompyuta. Akielezwa maradhi yake, huitikia kwa kichwa. Watu wakasema huyu ndiye fundi mwenye adabu, na chumba chake cha chini, katika nyumba ya mamake, kikawa hakikosi kazi.

Alikuwa ameshapita arubaini na hajaoa. Kutaka alitaka, na alijua amtake nani: Hind, mjane wa Mkunazini mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi. Kila kompyuta ya Hind ilipougua ililetwa kwa Saud, na kila ilipoletwa Saud alikuwa amekwisha tayarisha neno la kumwambia. Lakini Hind akishaingia, harufu ya udi wa baibui lake imemtangulia, Saud huliona neno lote limekwenda zake, akabaki kuuliza kama feni inapiga kelele.

Siku moja Hind alikuja na kompyuta na diski mpya aliyoletewa na kaka yake kutoka Maskati.

"Ile ya ndani imejaa," alisema. "Nitilie hii, Saud, tena upesi. Shaaban inaingia, na watu wote wa mji huu wanataka kuoa kabla ya Ramadhani."

Saud aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watu hao.

Diski ile ilikuwa kubwa kuliko akili ya kompyuta. Ukiifunga ukawasha, mashine huanza kuvikagua viungo vyake kimoja kimoja, ikifika kwenye diski inaganda. Kosa lilikuwa la bayosi. Bayosi ni zile amri chache zilizoandikwa ndani ya chipu nyeusi juu ya mazabodi, ule ubao unaobeba viungo vyote vya kompyuta. Kompyuta ikiwashwa huzisoma kabla ya kitu kingine chochote, ndizo zinazoiambia wewe ni nani na una nini. Za kompyuta ya Hind ziliandikwa zamani, na aliyeziandika hakudhani kama diski zitakuja kuwa kubwa kiasi kile.

Dawa zilikuwa mbili. Nyuma ya diski palikuwa na kipande cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele. Ukikihamisha kutoka pini hizi kwenda pini zile, diski hujifanya ndogo, na kompyuta huipokea bila ya ugomvi. Nafasi kidogo inapotea, lakini kadi za harusi za Unguja nzima zisingeijaza iliyobaki. Hiyo ni kazi ya kuifanya na kikombe cha kahawa kisipoe. Dawa ya pili ni kuifuta bayosi yote na kuandika nyingine, iliyorekebishwa na watu wa mbali huko na kugaiwa bure kwenye intaneti. Ukikosea hapo, mazabodi inakufa.

Saud alichagua dawa ya pili. Bayosi ile ya kurekebishwa ina jambo moja: inakubali kutiwa picha. Nembo ya kiwanda inayojitokeza kompyuta ikiwashwa, unaweza kuiondoa na kuweka unachokitaka wewe. Mtu asiyeweza kulitamka neno lake anaweza kulifanya liwe kitu cha kwanza Hind kukiona kila asubuhi afunguapo duka. Basi Saud akakaa akachora: juu Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, chini yake ua la asumini, na chini ya ua, Hind. Jina lake mwenyewe hakulitia. Hilo aliliona ni kupita mpaka.

Bayosi yenyewe aliipata kwa Machano, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, aliyekuwa na duka la intaneti Darajani. Machano alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wawili, na labda ndiyo sababu urafiki wao ulidumu.

Adui wa kazi ile ni umeme. Ukikatika chipu ikiwa inaandikwa, inabaki nusu ya zamani na nusu mpya, na kompyuta inasahau hata namna ya kuamka. Saud aliwauliza majirani umeme wao ulivyo. Akachagua wakati wa alasiri, ambapo wiki ile ulikuwa umetulia. Akazitazama waya zote. Akasoma Ayatul Kursi. Redio ikawa inampigia taarabu ya taratibu, naye akaanza. Kwenye kioo ukatokea mstari mweupe, ukawa unatambaa.

Mstari ulipofika katikati, msikiti wa jirani ukaadhini.

Mamake, Bi Mwatima, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia ya kahawa. Katika nyumba ile redio haisemi adhana ikisema. Hilo Saud alilijua kabla ya kujua kutembea. Kifungo cha redio kilikuwa kimevunjika siku nyingi, na fundi wa nyumba hakupata nafasi ya kukitengeneza, kwa hiyo redio ilikuwa ikizimwa ukutani. Ukutani kulikuwa na swichi moja kwa kila kitu. Bi Mwatima aliweka sinia, akamfuatisha muadhini kwa sauti ndogo, akazima.

Pakawa kimya kizuri kabisa.

"Mbona umeduwaa?" alimwambia. "Itikia adhana, mwanangu."

Saud akaitikia adhana, neno kwa neno mpaka mwisho, na dua yake.

"Kwani ulikuwa na kazi?"

"La, mama. Hapana kitu."

Angesema nini? Amwambie mamake kwamba amekosea kuiheshimu adhana, tena kwa ajili ya mashine iliyokuwa inatiwa Bismillahi?

Alipoiwasha tena, feni zilizunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi kama sufuria la biriani. Hata ule mlio mmoja wa salamu haukutoka. Akaitoa betri ndogo, akaingoja, akairudisha. Akazisugua ramu, vile vibao vya kumbukumbu, kwa kifutio cha shule, dawa ya mafundi wote wa Unguja kwa maradhi yote, ingawa alijua fika ramu hazina dhambi. Akabadilisha pawa, kile kisanduku cha kuingizia umeme. Akatia diski laini yenye bayosi, akitaraji mashine itaisoma humo humo gizani. Kitaa cha mbele kikawaka mara moja, kikazimika, kama mtu aliyefumbua jicho akaona hapana la maana.

Hind alikuja kuulizia.

"Umeme ulikatika," Saud aliiambia meza.

"Lini?"

"Jana. Alasiri."

"Jana alasiri mie nilikuwa napiga pasi, na pasi haikupoa."

"Labda ni Malindi tu."

"Bi Amne mamdogo wangu yupo hapa hapa Malindi, nyumba ya nne hiyo. Jana alasiri kaangalia mchezo wake kwenye TV toka mwanzo hata mwisho, na kanisimulia wote." Hind alimtazama. "Saud, mie nna watu wanaolewa. Mashine kama imekufa, niambie imekufa. Kudanganywa ndiko nisikokutaka."

"Haijafa," alisema Saud, na hilo nalo hakuwa na hakika nalo. Hind aliondoka bila ya kuaga, na Saud akaona mwenyewe kwamba alichokuwa anakitafuta mwaka mzima kimetoka na lile baibui.

Ikabaki njia moja. Kompyuta ya Hind na moja katika zile za Machano zilishuka katika kontena moja kutoka Dubai, na mazabodi zao zilikuwa pacha. Unaiwasha ile nzima. Ikishaamka haiihitaji tena chipu yake mpaka uiwashe upya, basi unaing'oa ikiwa inafanya kazi, unapachika ile iliyokufa mahali pake, na kuiandika. Saud aliomba kwa mamake kipande cha uzi wa kushonea kofia, akaenda nao Darajani pamoja na chipu iliyokufa, akaipitishia chipu ya Machano chini ya tumbo ili ainyanyue bila ya kugusisha chuma.

"Wewe unamng'oa mtu ubongo huku anakwambia habari za nyumbani," alisema Machano. "Ikifa na yangu, Saud, nakuja kulala kwenu. Mamako anipikie."

"Nyamaza kidogo."

"Nanyamaza. Lakini haki ya Mungu ikifa nakuja na godoro."

Chipu ikanyanyuka. Ile iliyokufa ikaingia. Mstari mweupe ukatambaa, na safari hii ukafika mwisho. Wakaizima mashine, wakaiwasha. Kabla kioo kizee hakijapata moto, ule mlio mmoja ukatoka, mkali na mzuri. Machano, aliyekuwa na wateja wanagonga mlango, akaizima pale pale akaanza kufunga parafujo.

"Ngoja," Saud alisema. "Hiyo iliyomo ndani ni chipu ya Hind. Yako ninayo mimi mkononi."

"Mazabodi si pacha?"

"Pacha."

"Chipu si pacha?"

"Pacha, lakini..."

"Lakini nini?"

Hapa Saud alitakiwa aseme kwamba ndani ya chipu ile mna asumini na jina la mwanamke. Wateja walikuwa wameshaingia, wanavuta viti.

"Hapana kitu," alisema.

Akaenda zake na chipu ya Machano, akaipachika kwenye kompyuta ya Hind. Nyuma ya diski mpya akahamisha ile punje ya plastiki. Kahawa haikupoa. Kompyuta ikaamka na nembo ya kiwanda, kama ilivyokuwa siku zote, ikaipokea diski bila ya ugomvi. Akaipeleka Mkunazini.

"Feni haipigi kelele?" aliuliza.

"Haipigi," alisema Hind, akarudi kwenye kadi zake.

Asubuhi ya pili Machano aliiwasha kompyuta yake, ikamsomea Bismillahi, ikamwonyesha ua, ikamtajia Hind. Akajua ni kirusi. Akaisafisha kwa dawa ya virusi, Hind akabaki. Akafuta kila kitu akatia Windows upya, Hind akabaki. Akabadilisha hata diski. Vijana wakawa wanaiomba mashine ile kwa makusudi, wanaizima na kuiwasha, wanacheka. Machano, ambaye siri yeye huihesabu ni uchoyo, akatangaza Darajani nzima: watu wajihadhari, kimeingia kirusi kipya, kinaitwa Hind, tena ni hatari kwa sababu kinaanza kwa Bismillahi ili usikitilie shaka, na kikishaingia hakitoki.

Habari ilifika Mkunazini kabla ya adhuhuri. Saud alikuwa ameinama juu ya televisheni ya mtu alipoisikia harufu ya udi.

"Machano anasema mie kirusi," alisema Hind kutoka mlangoni. "Nimekwenda nikaiona kwa macho yangu. Mashine ile nani kaishika?"

Saud aliitazama televisheni. Televisheni haikumsaidia.

"Mie," alisema.

"Na ua nani kalichora?"

"Mie."

"Ukaliweka Darajani, watoto wa watu walichezee?"

"Halikuwa la Darajani." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetiwa pamba kinywani. "Lilikuwa liwe lako. Uwe unaliona wewe tu. Asubuhi."

Hind akajikaza baibui.

"Una mama, una mashangazi, una ndimi zote hizo za kukusemea," alisema. "Ukaenda ukaituma chipu?"

Akaenda zake. Saud alikaa na maneno yale, akiyageuza huku na huku kama mtu anayetafuta waya uliokatika. Hatimaye akapanda ghorofani na, akiwa anautazama mkeka, akamwambia mamake ana jambo.

Bi Mwatima alikwenda kwa Bi Amne kuposa, amevaa kanga mpya, na Hind mwenyewe akawa yupo chumba cha pili. Aliporudi, Saud alikuwa akimsubiri ngazini.

"Nimekusifu mpaka kinywa kimenikauka," alisema mamake. "Nimewaambia huyu mtoto wangu hana hasira. Siku ile anaishughulikia kompyuta, adhana ikapigwa, mie nikazima swichi yote, wala hakununa. Aliitikia adhana kama malaika. Basi Hind akatoka chumbani, akaniuliza, 'Bi Mwatima, ni wewe uliyezima?' Nikamwambia ni mie, kwa mkono wangu huu."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alicheka mpaka Bi Amne akamletea maji. Sikujua adhana ina cha kuchekesha."

Jawabu lililetwa na Bi Amne kabla ya Ijumaa, na lilikuwa na masharti. La kwanza, jina litoke Darajani. Hilo lilifanyika siku ile ile, Machano akiwa amesimama mbele ya swichi ya ukutani ametanua mikono kama golikipa wa uwanja wa Amaan. Jina likaondoka, Bismillahi na asumini vikabaki, kwa sababu wateja walikuwa wameshavizoea.

Sharti la pili, kwa kuwa Machano alikuwa ameshamsimulia Hind habari za zile dawa mbili, Bi Amne alilisema kama alivyoagizwa, neno kwa neno. Hind kasema, mtu aliyekubali kuitwa mwongo ili mamake asijue kakosea, huyo mume namtaka. Lakini mtu mwenye kompyuta ya watu mkononi, anaiacha dawa ya dakika moja akaichagua ya kuua, huyo fundi simtaki. Kompyuta ya duka asiiguse tena maisha yake.

Saud alikubali. Akaoa kabla ya Ramadhani kama watu wengine, kwa kadi alizozichapisha bibi harusi mwenyewe. Na toka hapo kompyuta ya Hind ikiharibika huitwa Machano kutoka Darajani, naye huja, humgombeza Hind kwanza, huzisugua ramu kwa kifutio, huku Saud kasimama nyuma yake, kimya, amemshikia tochi.