Chaja Chini ya Kitambaa

Kaka yangu alinipigia simu Jumanne asubuhi akilia. Yeye huendesha malori katika nchi moja ya baridi, na mara ya mwisho kumsikia akilia ilikuwa siku tuliyomzika baba.

“Mapigo ya moyo ya Mama yamepotea,” alisema. “Tangu jana. Naangalia hapa kwangu, hakuna kitu. Simu yake nayo imezima. Enda kwake Dunga saa hii, tafadhali.”

Nilikuwa chumbani kwangu mjini Kisumu, nikigombana na ukurasa mmoja wa riwaya yangu. Nilitoka na ndara miguuni, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona. Njia nzima kichwa changu kilipanga matanga: nani atawaambia wajomba, tutapata wapi hema, mimi nitasimama wapi wakilishusha jeneza. Nilifika langoni nikiita kwa sauti iliyokatika vipande.

Mama alikuwa barazani, ungo mapajani, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwa vidole huku akiimba wimbo wa kanisani. Mkononi alikuwa amevaa ile saa ya kupima mapigo ya moyo ambayo kaka alimtumia. Kioo chake kilikuwa cheusi, kimekufa kama jiwe.

“Mbona unahema hivyo, nyathina, mtoto wangu?” aliuliza. “Umefukuzwa na kiboko?”

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Nilikuwa nimekwisha kumzika, na yeye anachambua omena.

Lazima nieleze kuhusu macho yake. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto lilikuwa limebaki na mwanga tu, kama dirisha lililopakwa maziwa. Yeye hufanya mzaha juu yake. Huwaambia wageni, “Mimi niko na watoto watatu. Mmoja yuko ng’ambo, mmoja yuko kwa vitabu, na mmoja yuko kwa jicho. Huyu wa jicho ndiye hulala hapa kwangu.” Wageni hucheka. Mimi nimeacha kucheka siku nyingi.

Kliniki ya macho mjini ilikuwa imempima na kumwandika. Daktari wa upasuaji hutoka mbali, huja kwa siku chache, kisha huenda. Walimwambia awe na simu karibu, watampigia siku moja kabla. Wakimkosa, watampigia anayefuata. Kwa hiyo simu ile ndiyo iliyobeba jicho lake, na sisi sote tulijua.

“Mama, simu iko wapi?”

“Iko kwa chaja. Tangu juzi iko kwa moto, sasa imeshiba kabisa.”

Niliingia sebuleni. Anayejua nyumba zetu za huku anajua sebule ya mama wa kanisa: kila kiti kina kitambaa, radio ina kitambaa, hata meza ndogo ya kuwekea chai ina kitambaa juu ya kitambaa, vyote vimefumwa kwa uzi mnene na kupigwa wanga hadi vinasimama vyenyewe. Pembeni, juu ya kabati, palikuwa na kitambaa kipya, cheupe, chenye maua. Juu yake simu ililala katika kava yake ya ngozi ya kufunga, ile anayotia kitambulisho na kadi ya kliniki. Nilibonyeza. Haikuwaka.

Nikainua kitambaa. Chini yake palikuwa na chaja ya kaka.

Ilikuwa kitu cha kifahari, siwezi kukataa. Sahani nyeupe, laini kama ndani ya kombe, isiyo na waya wa kuchomeka kwenye simu. Unalaza simu hapa, unaweka saa pale kwenye kitovu kilichoinuka, na vyote viwili vinakula moto. Kaka alikuwa amempa msafiri ailete, akamwonyesha Mama kwa video jinsi ya kuitumia, na ikafanya kazi vizuri wiki kadhaa.

“Nani ameifunika?”

“Mimi. Akina mama wa maombi walikuja Jumapili. Ungetaka waikute hivyo?”

“Hivyo vipi?”

“Uchi,” Mama alisema, kana kwamba mimi ndiye mjinga. “Kitu cha thamani hakikai uchi mezani. Watu watasema mtoto wangu ametuma mali na mimi sijui kuitunza.”

Kitambaa kinene, kava ya ngozi, kadi mbili ndani yake. Moto haukufika popote. Na kile kitaa kidogo kinachowaka kuonyesha kwamba simu inakula, hata kisingefunikwa, Mama hangekiona.

Nilichomeka simu kwenye waya wangu. Ilipoamka ilianza kutetemeka mkononi mwangu, ujumbe juu ya ujumbe: ulipigiwa na nambari hii, ulipigiwa na nambari hii. Nambari ya kliniki. Jana asubuhi, jana mchana, jana jioni.

Nikampigia kaka.

“Yuko hai?”

“Yuko hai. Saa yako ndiyo imekufa.”

Alishusha pumzi ndefu. “Mungu asifiwe.”

“Usimsifu bado.” Nikamweleza kuhusu kliniki, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyopaza sauti. “Umemnunulia sahani ya maonyesho! Saa ya tarakimu ndogo kama macho ya omena, unampa mtu asiyeona! Ili wewe uangalie moyo wake kwa kioo na kulala usingizi. Waya wa kibandani ungefanya kazi hii bila maringo!”

Kaka akasema polepole, “Wewe mtu wa vitabu. Umewahi kumuuliza kwa nini aliacha kutumia waya?”

“Kwa nini?”

“Haoni tundu. Aliniambia anachomachoma simu mpaka anachoka, na anaona haya kuita majirani kila siku. Nikatafuta kitu cha kuweka tu juu. Nilikitafuta sana.”

Nilimtazama Mama mlangoni. Alikuwa amegeuza uso kuelekea ziwani, ambako mashua zilikuwa zinapakuliwa, ijapokuwa najua hakuwa anaziona.

“Ulimwambia yeye,” nikasema. “Mimi nakuja hapa kila Jumamosi.”

“Wewe ungenihamishia mjini,” Mama alijibu. “Yeye yuko mbali, hawezi.”

Rafiki mmoja wa mjini, kati ya wale tunaosomeana hadithi, ameniuliza baada ya haya yote kama chaja kama ile inafaa kununuliwa. Alitaka nicheke na kusema ni upuuzi wa matajiri. Jibu langu ni kwamba inafaa, na ndiyo sababu nakasirika. Mtu ambaye vidole vyake vimechoka kutafuta tundu anastahili sahani ya kulazia simu. Lakini waya ukiingia, kidole kinasikia umeingia. Sahani inasema kwa taa, na taa ni ya wenye macho. Walioiunda waliipa umbo, waliipa weupe, waliipa sanduku ambalo Mama amelihifadhi kabatini na pamba zake. Hakuna aliyefikiri kuipa sauti ya maana, iseme “sijashika” kama mtu anavyosema. Na wewe unayeinunua, kama huwezi kuwa ndani ya nyumba ile kutazama kile kitaa, umenunua nusu tu ya kitu.

Tulienda kliniki asubuhi hiyohiyo, Mama na gauni lake la kanisani. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye tai nyembamba.

“Nafasi yake alipewa mtu mwingine, Madam. Tulipiga jana, mteja hapatikani.”

“Si mngetuma mtu! Dunga ni hapo tu!”

“Nikianza kutuma mtu kwa kila mzee simu yake imezima, nitatuma mpaka Sondu.”

“Daktari anarudi lini?”

“Tutapiga.”

“Mtapiga!” Nilikipiga kibao cha dirisha kwa kiganja. “Mtapiga nini? Ngoma?”

Benchi nzima ikacheka. Mama alinivuta gauni. “Kaa chini. Unanguruma kama jenereta, na hakuna taa hata moja inawaka.”

Nikakaa. Wagonjwa waliitwa mmoja mmoja, wakaingia wakishikwa mkono. Jua lilikuwa limeshapanda sana karani alipotoka mwenyewe na kusimama mbele yetu.

“Mama, kuna mmoja wa upande wa Luanda Kotieno hajafika, na simu yake imezima. Daktari anamalizia. Ukiwa tayari, ingia wewe.”

Nilisimama. Mama hakusimama.

“Huyo ni mwanamke?”

“Ni mama tu kama wewe.”

“Mpigie tena, baba.”

“Nimempigia, Mama.”

“Mpigie nikisikia.”

Nilitaka kumbeba nimwingize kwa nguvu. Karani alitoa simu, akaongeza sauti, na ile sauti tamu ya kike ikatuambia mteja hapatikani kwa sasa. Mama aliisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza tangazo la kifo redioni. Kisha akanyoosha mkono, na muuguzi akaushika.

Mlangoni aligeuka kuelekea nilipokuwa, akikosea kidogo, akaitazama nguzo. “Wewe si una kelele? Zipe kazi basi.”

Mlango ukafungwa. Nilipaswa kushukuru. Nilimfikiria mwanamke yule, simu yake mahali fulani imelala, imefungwa, imeanguka, sijui, na yeye akingoja iite. Hasira ilinijaa upya, na safari hii sikuwa na kaka wala sahani ya kuimwagia. Nikaenda dirishani.

“Piga tena.”

“Madam, mama yako si ameshaingia?”

“Piga tena.”

Aliniangalia kama mwendawazimu. Kisha akapiga.