Ndege Iliyoundwa Kitandani

Mke wangu alipoambiwa alale asiinuke mpaka mtoto azaliwe, mimi ndiye niliyeishiwa nguvu za miguu. Yeye alikuwa juu ya kitanda cha kupimia, anaangalia dari. Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alikuwa anavua glavu. Alisema mlango wa kizazi umeanza kulegea tena kama ulivyolegea zamani, na kwamba angeushona siku hiyohiyo. Baada ya hapo hakungekuwa na dawa kubwa kuliko kulala. Nikaketi kwenye kiti cha daktari mwenyewe, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Tulikuwa tumepoteza mimba mbili. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Kitui, na bado sijapata neno zuri kuliko hilo "kupoteza", ingawa hatukuwa wazembe na hatukuacha kitu mahali tukakisahau. Zote mbili zilitoka karibu mwezi wa tano, wakati tumbo limeshaonekana na majirani wameshaanza kumwita mke wangu mama. Baadaye walirudi kumwita kwa jina lake, polepole, kila mmoja kwa aibu yake.

Yeye ni mpima ardhi. Kazi yake ni kutembea, amebeba vyombo vya kupimia begani, akivuka mabonde na mashamba ya watu wanaogombania mipaka. Alizaliwa Kilungu, kwenye vilima, na miguu yake haijui tambarare ni nini. Kumlaza mtu kama huyo miezi mitano ni adhabu. Wiki ya kwanza alisoma. Ya pili alilia. Ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameshika simu, macho yanang'aa.

"Nataka ndege," akasema.

Nikafikiri ni hamu ya mja mzito. "Ndege gani? Kuku? Kwale?"

Akacheka mpaka nikamwambia anyamaze, kwa sababu niliogopa hata kicheko. "Ya kuunda, Mwalimu. Inakuja vipandevipande kwenye sanduku. Unaiunganisha mwenyewe, halafu unairusha kwa rimoti."

Akaniambia kwamba utotoni, akichunga mbuzi wa nyumbani kule mlimani, alikuwa akiziona ndege zikishuka kuelekea Nairobi, na kila mara alijiuliza ni kitu gani kinachozishikilia. Hakuwahi kunisimulia hayo. Nikamuuliza kuhusu gundi, kuhusu vumbi la mbao, kuhusu betri zinazosemekana hushika moto.

"Wewe unaogopa kila kitu," akasema.

"Ndiyo," nikajibu. Sikuwa na sababu ya kubisha.

Sanduku lilikuja na basi. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba, nyepesi kama maganda ya kitunguu, zilizokatwa tayari: mbavu za mabawa, vipande vya mkia, pande za kiwiliwili. Kulikuwa pia na mota, propela ya plastiki nyeusi, nyaya, na karatasi kubwa yenye mchoro wa ndege nzima. Nilitandika mchoro huo juu ya ubao, nikaufunika kwa nailoni ili gundi isiushike, kisha nikauweka ubao kwenye stuli mbili kando ya kitanda. Daktari alikuwa amekubali afanye kazi ya mikono mradi asikae wima. Kwa hiyo alilala kwa ubavu wa kushoto, mto mmoja kati ya magoti, na mkono wa kulia ukawa fundi.

Wakati huo mama yake alikuwa amekuja kutoka Kilungu kutusaidia. Kwetu Ukambani, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kuwekeana nafasi, na chumba ninacholala mimi si mahali pake pa kukanyaga nikiwamo. Nilimwita mwaitu, mama yetu, kama binti yake alivyomwita. Mimi nikiwa chumbani, yeye alisimama nyuma ya pazia la mlango na kuzungumza kutoka huko.

"Mwanangu, hiyo gundi inanuka mpaka jikoni."

"Ndiyo, mwaitu. Naitoa."

"Mtoto anavuta hewa ya mama yake."

"Naitoa, mwaitu."

Niliitoa mbio, nikafungua madirisha yote, nikampepea mke wangu kwa daftari la kidato cha pili. Kesho yake nilinunua gundi nyeupe ya maseremala, isiyo na harufu. Hiyo hukauka polepole, kwa hiyo kila ubavu wa bawa ulishikiliwa kwa pini hadi ushike, na jioni moja ilitosha mbavu chache tu. Mke wangu alisema ni vizuri, maana muda tunao. Mimi sikupenda kusikia hilo neno "muda".

Nilikuwa nikimtazama uso kuliko nilivyotazama mbao. Akivuta pumzi kwa nguvu, nilishtuka.

"Nini?"

"Nini nini? Napumua."

Akienda chooni, safari pekee aliyoruhusiwa, nilisimama nje ya mlango nikasikiliza. Nilikuwa nikisubiri aniite kwa ile sauti. Mara zote mbili zilizopita aliniita kutoka chooni, si kwa kelele bali kwa utaratibu, kama mtu anayemwamsha mwingine bila kutaka kumtisha. Hadi leo akiniita kwa upole kutoka chumba kingine, mwili wangu hupata baridi kabla sijajua anataka nini.

Tulifika mwezi wa tano tukiwa kwenye bawa la kushoto. Hakuna aliyeutaja. Shuleni mwalimu mkuu aliniruhusu kuweka simu juu ya meza nikifundisha, na nilisomesha ngeli za nomino huku nikiitazama ile simu kama nyoka. Nyumbani tulizungumza habari za pini na za mota ndogo zinazosogeza mkia. Bawa likakauka. Tukalitoa kwenye ubao, yeye akalishika kwa vidole viwili, akalipuliza likayumba.

"Halina uzito kabisa," akasema, na nikaona amefurahi, nami nikaogopa furaha yake.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, napiga msasa vipande vya mkia ili vumbi lisiingie ndani. Mwaitu alikuwa ameenda sokoni kununua mboga. Nikasikia mngurumo mkali kutoka chumbani, kama nyuki aliyekwama ndani ya debe. Halafu kitu kikaanguka, na mke wangu akapiga kelele.

Sikumbuki kupita sebuleni. Nakumbuka kiwiliwili cha ndege kikiwa sakafuni, mota imewaka, propela inagonga saruji na kukiburuta kama mnyama aliyevunjika mguu. Kisha nikaona shuka. Palikuwa na damu kwenye shuka, na damu kwenye dera lake, juu ya tumbo.

Nilijua. Nilijua kama nilivyokuwa nimejua tangu mwanzo. Masikio yakaziba. Nikapiga magoti, nikashika ukingo wa kitanda, na nikauona mdomo wake ukifunguka na kufungika bila mimi kusikia neno.

Akanipiga kofi begani.

"Ni kidole! Mwalimu! Ni kidole! Chomoa betri!"

Nilirusha blanketi juu ya ile ndege, nikaikandamiza kwa mwili wangu wote, nikapapasa waya mpaka kelele ikakoma. Alikuwa ameunganisha betri ili aone kama mota inazunguka. Rimoti ilikuwa karibu naye, na ukingo wa mto ulikuwa umesukuma kile kijiti cha kuongeza kasi mpaka juu. Propela ilimkata kidole cha shahada kabla hajaweza kukiondoa.

Alikuwa amekishika kidole hicho kwa mkono mwingine, damu inapita katikati ya vidole. Mimi sikukiangalia. Nilifunua shuka.

"Angalia uridhike," akasema kwa upole.

Nikaangalia. Palikuwa pakavu, pasafi. Nikaangalia tena. Kisha nikaweka kichwa changu juu ya ubao, katikati ya pini, nikalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata siku tulipotoka hospitalini mikono mitupu.

Ndivyo mwaitu alivyotukuta. Nilisikia kikapu kikiwekwa chini nyuma ya pazia.

"Kuna nini?" akauliza. "Binti yangu, kuna nini humo?"

Mke wangu alikuwa ameanza kulia pia, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Pazia likafunguka. Mwaitu akaingia na viatu vyake vya sokoni, akanipita pale sakafuni, akaushika mkono wa mtoto wake na kuutazama. Akaweka kiganja kwenye tumbo, akasubiri. Kisha akashusha pumzi.

"Vai thina," akasema, hakuna shida. "Anacheza. Leta maji ya moto na chumvi."

Alikiosha kidole, akakifunga kwa kitambaa cha kanga, akanituma kuita gari. Kutoka siku hiyo hajawahi kutaja kwamba aliingia, nami sijataja. Hospitalini walishona kidole, na nilipoomba, wakapima mtoto. Mapigo ya moyo wake yalijaa kile chumba kidogo, ya haraka, kama farasi mdogo anayekimbia. Nilimwomba muuguzi asizime mashine upesi. Akaacha kidogo, akijifanya anaandika.

Tuliporudi nilitaka kuifungia ndege stoo. Mke wangu akakataa.

"Ukiitoa humu nitabaki naangalia mabati."

Basi tukakubaliana. Propela nikaifungua na kuiweka mbali. Betri nikaitia kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, nje, ambapo hata ingelipuka ingewashtua kuku tu. Yeye akaendelea kwa mkono uliofungwa, na mimi nikawa kidole chake cha shahada.

Lilikuwa limebaki bawa la kulia kuvishwa ngozi, ile karatasi nyekundu ya plastiki ambayo hupigwa pasi juu ya mbao ikajikaza, wakati chupa ya uzazi ya mke wangu ilipopasuka. Ilikuwa asubuhi. Aliniita kwa ile sauti, ya utaratibu, nami nikaijibu kabla hajamaliza. Ilikuwa mapema mno, wiki nyingi kabla, lakini si mapema kama zile nyingine. Nilijirudia hilo njia nzima, sijui kama kwa sauti au moyoni, maana dereva alinitazama mara kadhaa kwenye kioo.

Msichana. Alizaliwa saa sita mchana, mdogo kiasi kwamba nilipooneshwa niliogopa kumtazama kwa nguvu. Walimweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, mirija puani, soksi zake zinampwaya. Nilidhani kwamba akizaliwa hai hofu ingekwisha. Kumbe ilikuwa inasubiri apate uso.

Siku ya tatu mke wangu, amekaa kwenye benchi nje ya chumba hicho, akanigeukia.

"Bawa la kulia umelipiga pasi?"

Nikamtazama nikidhani uchovu umemchanganya.

"Nenda nyumbani uoge, ule, ulipige pasi," akasema. "Usiweke moto mwingi, itatoboka. Anza katikati, uende pembeni."

"Na kama..."

"Kama kitu kitatokea nitakupigia. Nenda."

Nyumba ilikuwa kimya. Mwaitu alikuwa jikoni, akanipa ugali na ndengu bila kuuliza swali, maana jibu zuri ningelitoa mlangoni. Nilichomeka pasi, nikaketi kwenye kile kitanda kitupu na bawa mapajani. Nilianza katikati, nikaenda pembeni, simu kando ya goti. Karatasi ilikunjamana, halafu joto likaishika, mikunjo ikatoweka mmoja baada ya mwingine, na ikawa imekaza kama ngoma. Nilifanya upande wa juu na wa chini. Simu haikulia. Nilipomaliza niliipiga mimi.

"Amekunywa maziwa," mke wangu akasema. "Kijiko kizima. Hajatapika."

Tulimleta nyumbani alipopata uzito walioutaka. Ndege ilikaa juu ya kabati miezi mingi, maana hakuna aliyekuwa na mkono wa ziada. Tuliirusha msimu wa kiangazi, kwenye uwanja mpana karibu na Kwa Vonza. Mfanyakazi mwenzake mke wangu, ambaye hurusha zile ndege ndogo za kupigia picha mashamba, alikuwa ameshughulikia ruhusa na kumfundisha mke wangu vijiti vya rimoti. Mimi nilisimama nyuma kabisa, mtoto kifuani, mkono wangu umemfunika kichwa. Mwaitu alikaa kwenye kivuli cha gari.

Ilikimbia juu ya nyasi kavu, ikaruka, ikashuka, ikaruka tena. Kisha ikapanda, nyekundu, ikapita juu yetu na kugeuka kuelekea kwenye miti ya miiba. Mke wangu alikuwa amesimama miguu wazi kama anavyosimama akipima shamba, shingo imenyooka, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Ndege iliizunguka ile miti mara mbili. Ilipotua, ilitua kwa pua, propela ikaruka, na mtoto akaamka akilia.

"Njoo ujaribu," mke wangu akaniita alipokwisha kuiokota. "Pua tu ndiyo imevunjika. Tukiitengeneza, wiki ijayo zamu yako."

"Hapana," nikasema. "Mimi bado naogopa."

"Najua," akasema, akamchukua mtoto kwangu, akanipa ndege nibebe.